Mume ashuku nina mpango wa kando, na kazini nilitia sahihi kutosema kitu

Shikamoo Bi Mshauri,

Nina miaka 31, mzaliwa wa Kilifi. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka minne, na tunaishi Eastlands, Nairobi. Mume wangu anauza vipuri vya magari kule Grogan. Ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia mkono, na ndiyo maana hili linaniuma zaidi.

Mwaka jana niliajiriwa na kampuni inayofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Tangazo lilisema wanataka watu wa huduma kwa wateja wanaojua Kiswahili vizuri. Siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi, tuliwekewa makaratasi mezani. Yalikuwa ya Kiingereza kizito. Dada aliyetusimamia akasema, "Hii ni NDA tu, ya kawaida, tia sahihi hapa na hapa," yaani mkataba wa kutotoa siri za kazi. Nakala sikupewa na sikuiomba, maana nilikuwa nimekaa nyumbani muda mrefu bila kazi na kodi ilikuwa imelala.

Wateja wenyewe sikuwaona. Tunatazama video na picha ambazo watu wameziripoti mtandaoni, tunaamua zitolewe au zibaki. Sekunde zinahesabiwa, tageti ipo, ukikawia msimamizi wa timu yuko begani. Sitakuandikia niliyoyaona, kwanza kwa ajili ya ile sahihi, pili kwa sababu sitaki uyabebe na wewe. Itoshe kusema kuna watoto ndani yake.

Nyumbani nimebadilika. Nyama siikati tena, namwomba wa buchari anikatie vidogo kabisa. Mume wangu akinigusa bila kunitanguliza kwa neno, naruka. Juzi mtoto alilala kochini mdomo wazi, nikamwekea kidole chini ya pua. Nilipohisi pumzi nikakiondoa, kisha nikakirudisha. Kuinua macho, mume wangu amesimama mlangoni na mkate mkononi, ananitazama. Aliuliza, "Una nini?" Nikasema hakuna kitu. Usingizi sina na kuna siku najiona kama simo mwilini mwangu, lakini hilo si neno, nitazoea.

Sasa kilicholeta moto. Mwenzangu wa shifti, mwanamume, aliniandikia usiku: "Pole kwa ya leo. Usimwambie mtu, hata bwanako. Tuyaache palepale." Alikuwa anazungumzia video tuliyopangiwa mimi na yeye. Mume wangu ndiye aliyeshika simu. Akaniuliza ni ya leo gani hiyo. Nikamjibu, "Siwezi kukuambia." Bi Mshauri, mwanamke akimjibu mumewe hivyo, ni mume gani ataelewa lingine? Na kabla ya hapo rafiki yake alikuwa ameshamwambia kwamba kampuni yetu haina kitengo cha wateja. Siku hizi analala upande wa ukuta. Amempigia ami yake aje kutoka Kilifi mwisho wa mwezi tukae kikao.

Upande wa kazi nako, mkataba wangu wa mwaka unaisha. Wametuletea mpya na karatasi ya usiri kali kuliko ile ya kwanza, ya kutiwa sahihi kufikia Ijumaa. Hii nimeisoma. Inasema nisizungumzie kazi na mtu yeyote "wakiwemo jamaa wa familia na wahudumu wa afya wasioteuliwa na kampuni", nisipeleke lalamiko lolote nje ya kampuni, na nikivunja nitalipa shilingi milioni mbili. Kuna mshauri nasaha wa kampuni, ila watu husema ukimwambia kitu asubuhi, mchana msimamizi anakijua. Mwenzetu aliyekuwa akiulizia habari za chama cha wafanyakazi, mkataba wake haukuhuishwa. Alipewa pesa kidogo na karatasi nyingine ya kunyamaza.

Mshahara wangu ndio unaolipa kodi na karo. Je, nikimwambia mume wangu ukweli nitafungwa? Nikienda hospitali nikasema kazi yangu, nimevunja mkataba? Na hiyo ya Ijumaa nitie sahihi au nisitie?

Aliyefungwa Mdomo, Nairobi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Kwa kuwa mengi uliyouliza ni ya sheria, nilimsomea barua yako wakili ninayemwamini, bila kumtajia mtaa wako wala Grogan. Yaliyomo humu kuhusu sheria ni yake. Ya mume ni yangu.

Umeniletea mambo mawili: ndoa inayoingia shaka kwa sababu ya kazi ambayo huwezi kuieleza, na karatasi inayokutaka uendelee kutoieleza. La tatu umelipitia mbio, kwa maneno "hilo si neno, nitazoea". Mtu asiyelala, anayehesabu pumzi za mwanawe aliye mzima, anayejiona nje ya mwili wake, ni mgonjwa anayehitaji daktari. Ningependa ulitoe mwisho wa foleni.

Tuanze na jela, kwa kuwa naona ndiyo inayokutisha. Kuvunja mkataba wa usiri, peke yake, ni jambo la madai. Kampuni inakushtaki ikidai hasara, polisi hawaji kukuchukua. Na ile milioni mbili haiwi deni kwa kuandikwa tu. Mahakama zetu hufuata kanuni ya zamani ya mikataba: huuliza kama kiasi hicho kinakaribia hasara ya kweli au kimewekwa ili kumtisha mtu, na kikionekana ni cha kutisha haziwi wepesi kukitekeleza. Kuna mambo ambayo yangekutia kwenye jinai kweli, nawe uyajue: kutoka na video za kazini, kupiga picha skrini, kusambaza majina au akaunti za watu uliowaona. Hapo kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na ile ya Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, na hakuna wakili atakayekutetea kwa furaha. Yule mtoto wa kwenye video ana haki ya kutojulikana. Upande huo kampuni inakataza kwa haki kabisa, na naona hata wewe umeuheshimu.

Lakini soma barua yako mwenyewe. Mimi sijajua kampuni yako, sijajua mteja wake, sijajua video hata moja. Na bado nimejua unavyoumia. Kumbe yako na ya kampuni yanatengana, na umeyatenganisha bila kufundishwa na mtu. Siri za biashara ni zao. Usingizi wako, woga wako, mwili unaoruka ukiguswa, hivyo havikuwahi kuwa mali yao hata waviandikie kurasa ngapi.

Ndiyo maana kipengele cha "wahudumu wa afya wasioteuliwa na kampuni" kilimfanya wakili wangu avue miwani. Daktari ana wajibu wake wa kutunza siri ya mgonjwa, na ukimwambia "kazini natazama mauaji kutwa" hujamuuzia mtu biashara ya mwajiri wako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya matibabu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, na inamkataza kumfukuza au kumbagua mtu kwa sababu tu amelalamika kuhusu jambo analoliona ni hatari kwa afya yake. Nenda Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili, au Kenyatta, au kliniki ya karibu wakupe barua ya huko. Najua mtu akitaja Mathari watu wanacheka. Waache wacheke. Omba kila unachoandikiwa kiwe na tarehe, na uwe na daftari lako nyumbani la dalili zako tu: ulilala saa ngapi, uliota nini, ulishtuka wapi. Usiandike video ilikuwa nini, na lisiingie kwenye kompyuta ya kazini. Siku moja linaweza kuhitajika kwenye madai ya fidia ya kuumia kazini, ingawa madai ya majeraha ya akili yana ubishi mwingi kuliko ya mtu aliyekatwa kidole na mashine.

Hujaanza wewe. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alifanya kazi kama hiyo hapa Nairobi katika kampuni ya Sama iliyokuwa ikiwachujia Facebook maudhui. Naye alikuwa ametia sahihi kunyamaza. Mwaka 2022 alisema hadharani, kisha Mei mwaka huohuo akawashtaki Sama na Meta, wenye Facebook, katika mahakama ya ajira Nairobi. Kampuni zilipinga, na Meta ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya. Februari 2023 jaji alikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema vivyo hivyo. Katikati hapo wachujaji wengine zaidi ya 180 walifungua kesi yao, na Desemba 2024 ilijulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamepimwa na daktari wa Hospitali ya Kenyatta wakakutwa na kiwewe kinachoitwa PTSD. Huko Marekani, Facebook ilikubali Mei 2020 kulipa dola milioni 52 kumaliza madai ya wachujaji wa kule. Nakutajia haya ili ujue unachougua kina jina na kuna watu wengi walioketi kwenye viti kama chako. Lakini angalia tarehe pia. Kesi ya Nairobi iliyofunguliwa 2022 ilitumia zaidi ya miaka miwili kubishania tu kama inaweza kusikizwa. Kodi yako haingoji hivyo.

Sasa hiyo ya Ijumaa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema masharti yake ni kiwango cha chini, na makubaliano yoyote ya kuyaacha ni batili. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 46, inataja sababu zisizofaa kumfukuzia mtu, na miongoni mwake ni kujiunga na chama cha wafanyakazi na kumlalamikia au kumshtaki mwajiri, ila malalamiko yawe na msingi. Haki ya chama imo pia katika Katiba, kifungu cha 41. Na iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo wengi hudhani ni ya wanahabari tu. Kifungu chake cha 16 kinamlinda mtu asiadhibiwe kazini kwa kutoa habari aliyoipata kwa siri, ikiwa kuitoa kuna manufaa kwa umma, yakiwemo mambo ya hatari kwa afya na usalama. Haimlindi anayesema uongo kwa nia ya kumuumiza mwingine. Kwa hiyo lile katazo la "lalamiko lolote nje ya kampuni" limeandikwa kwa wino ule ule wa mengine, ila miguu yake ni dhaifu.

Hapa lazima nikuambie upande mchungu. Mkataba wako ni wa mwaka. Kumfukuza mtu katikati ya mkataba ni jambo moja, mkataba kuisha na kutohuishwa ni jingine, na mahakama mara nyingi husema mkataba wa muda ukiisha umeisha, hakuna ahadi ya kuendelea. Wanaweza kukuacha bila kusema neno "chama" wala "lalamiko", kama mwenzenu. Ukikataa kutia sahihi, huenda ukatoka na haki zako zote na mfuko mtupu. Ukitia sahihi, utabaki na mshahara, vipengele visivyo halali havitakuwa halali kwa sababu umetia sahihi, ila utarudi kwenye kile kiti, na kila ukitaka kusema utajisikia una hatia. Katikati kuna njia ambayo watu huiruka: kuomba kwa maandishi nakala ya karatasi ya kwanza na ya pili, kuomba siku chache za kuisoma na wakili, na kuuliza, kwa upole tu, kama kipengele cha familia na madaktari kinaweza kuondolewa, au kama kuna kazi nyingine humo ndani isiyo ya kutazama video. Wapo watakaokuona msumbufu. Wapo pia maafisa wa kampuni ambao hawajawahi kukisoma kipengele hicho na wataona aibu kukitetea. Siwezi kukuambia wako ni wa aina gani.

Kuhusu mshauri nasaha wa kampuni, umesema "watu husema". Huenda ni kweli. Huenda pia msimamizi anajua kwa kuwa watu wanamwona nani kaingia mlango ule. Kabla ya kumwambia chochote, muulize wazi: haya yanaandikwa wapi, na ripoti inakwenda kwa nani? Akisita kujibu, umeshapata jibu.

Nimemwacha mumeo nyuma makusudi, kwa sababu naona karatasi imekaa kati yenu kubwa kuliko ilivyo. Nisamehe nikikuuliza: ni hiyo sahihi pekee inayokuzuia? Au kuna sehemu inayoogopa kwamba ukisema, yataingia kwenye chumba alimolala mtoto? Wengi wanaoona mambo ya namna hii hunyamaza hata pale ambapo hakuna aliyewakataza. Kama ndivyo, si kosa. Ila ni vizuri ujue unapigana na nani.

Hebu jaribu kusikia maneno kama haya: "Kazi yangu ni kutazama mambo mabaya watu wanayoweka mtandaoni ili wengine wasiyaone. Yameniingia. Yule mwenzangu alinipa pole kwa kuwa siku ile tuliona kibaya pamoja. Siwezi kukueleza nini, lakini nakuomba twende wote kwa daktari." Hakuna jina la kampuni hapo wala video. Nikisoma karatasi yako kwa ukali, hata hayo wanaweza kusema yamekatazwa. Lakini wangekushtaki kwa hasara gani, mke kumwambia mumewe kwamba anaumwa? Kinachoweza kukuponza ni mume kumwambia ami, ami akamwambia mwenye teksi, na kabla ya Jumapili Kilifi nzima ina jina la kampuni yako. Kama anaweza kufunga kinywa, wewe ndiye unayejua. Na anaweza asikuamini mara ya kwanza. Mtu aliyeambiwa "huduma kwa wateja" mwaka mzima ana haki ya kuuliza mara mbili.

Na huyo mwenzako wa shifti, nakuuliza kwa wema. Kwa sasa ndiye mtu pekee duniani ambaye huhitaji kumficha kitu. Ukaribu wa namna hiyo unaeleweka, wala sikutuhumu. Lakini mumeo, hata akikosea kuhusu kilichomo, hakukosea kwamba kuna mtu anayejua usiku wako kuliko yeye.

Ami akifika kabla hamjazungumza, mtakuwa mnaeleza mbele ya baraza jambo la watu wawili, na hapo hata wewe utashindwa kuchagua maneno. Mkizungumza kwanza, mnaweza kuamua pamoja kama kikao bado kinahitajika, au ami aje tu kumwona mjukuu.

Kabla ya Ijumaa, chukua karatasi hiyo uende Kituo cha Sheria hapo Nairobi, wamekuwa wakiwasaidia watu wasio na pesa za wakili tangu 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. FIDA, chama cha mawakili wanawake, nao husaidia wanawake. Mazungumzo yako na wakili ni siri yako na yake, na hilo hakuna mkataba unaoliondoa. Ukipenda kuniandikia tena nitafurahi kujua mmefika wapi, ila usitumie simu wala kompyuta ya kazini.